Tupeane uzoefu: chombo gani kilikufia kwa joto au presha?

Mgosi wa Sahare:
Wakuu, salaam. Juzi napandisha Mombo kwenda Lushoto, gari imejaa watu na magunia. Kabla ya Soni mshale wa temperecha ukalala kwenye H. Nikaegesha, nikachukua tambara, nikafungua mfuniko wa rejeta. Ujinga wangu huo. Maji yaliruka mpaka kwenye kioo, na mkono wa kulia hadi leo unabanduka ngozi. Nimekuja kuelezwa kwamba maji yakibanwa mle ndani hufika hata digrii 120 bila kuchemka. Ukifungua tu, presha inaporomoka na yanalipuka kuwa mvuke papo hapo.

Fundi kafungua injini: silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, imepinda, gasketi inayoziba chini yake imekatika, maji yameingia kwenye oili imekuwa kama chai ya maziwa. Na nilikuwa naongeza maji kila asubuhi wiki mbili nzima, najiambia ni joto la Tanga. Wenzangu yamewakuta yapi?

Spana 17:
Pole mgosi. Swali moja tu: thamostati ipo, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto? Sisi mafundi tunajijuana, gari ikichemsha cha kwanza kung'olewa ni hiyo. Kuna injini ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, basi mlimani ndiyo inachemsha zaidi.

Kijana wa Upepo:
Nilikuwa naziba pancha karibu na stendi ya Kange. Kompresa yetu, mashine ya kujazia upepo, swichi ya kujizimia ilikufa, tukawa tunazima kwa mkono. Valvu ya usalama ikaanza kupiga mluzi, bosi akasema inatupotezea upepo, akaichomoa akaziba tundu kwa bolti. Geji nayo ilikwama tangu enzi. Maji ya ndani ya tangi hatukuwahi kuyamwaga hata siku moja, kwa hiyo chini kutu ilikuwa inakula taratibu.

Siku hiyo tulivuka barabara kula wali, hakuna aliyekumbuka kuzima. Tulisikia mshindo, tukadhani ni tairi la fuso. Kurudi, tangi limechanika kwa chini, limetoboa bati la paa na kuangukia uani kwa jirani, hatua tatu kutoka kwenye beseni la nguo. Mwenye nguo alikuwa ameingia ndani kufuata sabuni. Mimi mpaka leo kompresa ikiwaka nasimama mbali.

Bi Pweza:
Mie presha kuka. Ganda la harage liliziba tundu la mvuke, kile kizibo cha pembeni kikafyatuka, maharage yote darini. Nilisugua siku mbili.

Mpangaji Chumbageni:
Friji. Niliisukuma ikagusa ukuta, jiko ubavuni, chumba hakina dirisha la maana. Mwezi wa pili ule wa joto kompresa ya friji haikupumzika usiku wala mchana, mwisho ikaungua. Bei ya nyingine nikaiona bora ninunue barafu.

Mgosi wa Sahare:
Spana 17, nimeenda kuangalia. Thamostati haipo. Nimempigia fundi wangu, anasema aliitoa mwaka jana "ili injini ipumue."