Mume wangu yuataka kustaafu Mombasa, mie nataka Uhispania

BintiKuze

Assalamu alaykum jamaa. Nina mvutano nyumbani na hapana wa kutuamua, nikaona niulete hapa.

Mie mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale. Mume wangu ni Mwingereza wa Hull, na huko ndiko tunakoishi tangu tuoane. Anakaribia umri wa pensheni ya serikali na keshaapa kuwa hazeekei kwenye baridi. Simlaumu. Disemba kule jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na hilo jua lenyewe ni la kuhadithiwa.

Kituko ni kwamba yeye ndiye anayetaka Mombasa, mie ndiye ninayetaka Uhispania. Sasa hivi tuko hapa, tumepanga nyumba Bamburi, na hii kaskazi imemlewesha. Asubuhi mahamri kwa mbaazi, jioni mihogo ya Mama Ngina, na bei ya viwanja anamuuliza hata dereva wa tuktuk. Juzi kaketi na muuza madafu afundishwe kuchonga, nusura ajikate kidole, akarudi amelowa maji ya dafu anasema haya ndiyo maisha.

Raha hizo nazijua, na nyuma yake napajua. Mombasa mie sitastaafu, nitaanza kazi nyingine. Simu huanza saa moja asubuhi: karo ya mtoto wa binamu, mchango wa harusi, mgonjwa wa kupelekwa hospitali "na wewe si una gari". Ukija likizo unasamehewa, wajulikana kuwa u mpitaji. Ukihamia, huna pa kujificha. Alicante, huko Uhispania, hanijui mtu. Jua lipo, samaki wapo, na mlango nikiufunga umefungwa.

Wenye kujua mambo ya pesa na makaratasi, nani kati yetu ana hoja? Na tafadhali, "nyumbani ni nyumbani" nishaisikia ya kutosha kwa mamangu.

Mzee wa Tudor

Wa alaykum salaam mwanangu. Mie nimefanya kazi London mpaka nikastaafu, nikarudi, kwa hivyo hili nalijua mfukoni mwangu: pensheni ya serikali ya Uingereza ukiilia Kenya huganda. Kiwango unachohama nacho ndicho utakachozikwa nacho. Aliyeanza 2016 kwa kiwango kamili kipya alipata pauni 155.65 kwa wiki. Ikiwa alihamia huku mwaka huo, mpaka leo ni hizo hizo. Mwenzake aliyebaki Hull, au aliyekwenda huko Alicante kwako, 2025 alikuwa akipokea 230.25. Uingereza huwaongezea kila mwaka walioko Ulaya na walioko nchi zenye mkataba nayo wa jambo hilo, na Kenya haimo. Samaki wa soko la Kongowea bei yao haigandi, pensheni ndiyo inayoganda.

Matibabu vile vile. Mstaafu wa Kiingereza akikubaliwa ukaazi Uhispania hupewa fomu ya S1, akatibiwa kama wenyeji na Uingereza ikalipa. Hapa hana kitu kama hicho. Atajikatia bima mwenyewe, na kwa umri huo bima haina huruma.

Lakini usishangilie mapema. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, Mwingereza hukaa Uhispania siku 90 katika kila 180, basi. Akitaka kuhamia bila kufanya kazi lazima aombe viza, na 2025 walitaka aonyeshe pato la yuro 2,400 kwa mwezi, na 600 nyingine kwa ajili yako. Pensheni ya serikali peke yake haifiki nusu ya hizo. Ana pensheni ya kazini au akiba? Hilo ndilo la kumuuliza, si madafu.

Huku makaratasi ni mepesi. Mume wa Mkenya, ndoa ikipita miaka mitatu, anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Jitazame wewe sasa: kama ulichukua uraia wa Uingereza kabla ya katiba ya Agosti 2010, wa Kenya ulikutoka, na inabidi uombe kurudishiwa. Fanya hivyo kabla ya kununua chochote. Asiye raia hapa hamiliki ardhi ila kwa kukodi, isizidi miaka 99.

FundiBaridi

Mie ni fundi wa AC na friji, Bamburi mpaka Mtwapa. Dada, mumeo ameionja kaskazi tu. Mwacheni aione Machi upepo ukikata, kisha mvua za Aprili na Mei, nguo zikiota ukungu kabatini. Akizivuka hizo, miezi ya kusi ni burudani.

Msinunue mstari wa kwanza wa bahari kwa ajili ya picha. Nafungua mashine za nje za AC huko, yale mapezi ya alumini yameliwa na chumvi yakawa unga mweupe, ukiyagusa kwa kidole yanamomonyoka. Na nyumba msiikague na ajenti, ulizeni jirani: maji ya mfereji huja siku gani, kisima kina chumvi kiasi gani, boza la maji linaingia getini au haliingii.

Mama Swabra

BintiKuze, hilo la simu lina dawa. Dadangu alirudi kutoka Muscat, hakukaa Mjini, akenda Kikambala. Kuze unafuatwa kwa miguu na kandambili. Kikambala mtu apande matatu. Mwenye shida ya kweli hufika, na huyo msaidie. Aliyezoea tu kuomba, nauli haioni.

Huko Alicante nikuulize moja. Mumeo ni mkubwa kwako. Akitangulia, utakaa na nani? Au utaanza kutafuta nyumba Mombasa na huo umri, peke yako?

BintiKuze

Mama Swabra umenishika pabaya, hilo sikulifikiria, au nililikimbia. Ahsante.

Mzee wa Tudor, nimemsomea ile 155.65, akanyamaza akatafuta kikokotozi. Pensheni ya kazini anayo, ila si ya kufikisha yuro 3,000. Kwa hivyo Alicante yangu imefungwa na hesabu. Na Mombasa yake kwa pensheni iliyoganda naye haitaki tena. Sasa anasema nyumba ya Hull ibaki kuwa makazi yetu, tuwe tunaikimbilia kaskazi huku kila mwaka, baridi ikipoa turudi. Kwanza tunaongeza kodi ya Bamburi mpaka mwisho wa Mei, fundi, nione hayo mahaba yake na ukungu.

Mama Swabra, karibu na dadako kuna nyumba ya kupanga? Niandikie pembeni. Na mamangu asijue kwanza.