Toyota IST au Subaru Impreza: ipi salama zaidi kwa familia?

Mkazi wa Goba
Wakuu, habari za jioni. Nataka kubadilisha gari mwezi ujao na nimebaki na mbili mezani: Toyota IST na Subaru Impreza. Habari za mafuta na spea nimeshasoma vya kutosha, hizo naomba tuziache. Ninachouliza ni usalama tu. Likitokea la kutokea, ipi inamlinda aliyemo ndani? Natanguliza shukrani.

Spana Kumi na Nne
IST ya mwaka gani? Impreza ya mwaka gani? Unaagiza Japani au unachukua ya mkononi? Unazunguka mjini tu au unapanda mikoani? Nyuma anakaa nani? Bila hayo utaletewa ushabiki.

Boksa Halisi
Chukua Impreza, usihangaike. Injini ya boksa imelala chini, uzito wote uko chini, na inavuta tairi zote nne. Kona za mlima Kitonga, njia ya Iringa, unazikata bila wasiwasi. IST imenyanyuka, basi likikupita kwa kasi unaisikia inayumba.

Mama Wawili Kihonda
Boksa, kaka yangu, tusimpoteze mwenzetu. Kuvuta tairi nne kunasaidia kuondoka kwenye tope na kushika kona yenye utelezi. Kwenye kusimama hakuna msaada wowote, kila gari ina breki nne na inasimama kwa tairi zake. Halafu Impreza za 1.5 nyingine zinavuta mbele tu, lazima uangalie.

Cha kuuliza ni ule mfumo wa kuzuia gari isichepuke. Toyota wanauita VSC, Subaru VDC, Mazda DSC, kazi ni ileile: kompyuta inabana breki ya tairi moja moja pale gari inapoanza kukataa usukani. Marekani waliulazimisha kwa gari zote ndogo kuanzia modeli za 2012. Gari za miaka ya 2000 za soko la Japani, mara nyingi mnunuzi aliuongezea pesa, kwa hiyo gari mbili zinazofanana kila kitu, moja inao, nyingine haina. Fungua swichi bila kuwasha injini, tafuta kwenye dashibodi taa yenye picha ya gari na mistari ya kujipinda chini yake. Hakuna taa, hakuna mfumo.

Mkazi wa Goba
Samahani wakuu, niongezee. Zote ni za mkononi, ziko hapa Dar. IST ya 2008, Impreza ya 2009. Bajeti milioni 18. Siku za kawaida mke wangu anapeleka watoto shule, mmoja ana miaka 3, mwingine 7. Pasaka na Krismasi tunakwenda Iringa kwa wazazi.

Spana Kumi na Nne
Sasa tunaongea. Gari ya mkononi, watoto wawili, na Kitonga. Hapo jina la gari linashika nafasi ya tatu au ya nne. Hali ya hiyo gari uliyoiona kwa macho ndiyo ya kwanza.

Chuma cha Tanga
Naomba niandike kwa urefu, hili limetupata nyumbani.

Shemeji yangu alinunua gari ndogo kwenye yadi moja hapa mjini, sitaitaja. Rangi inang'aa, kilomita chache, maandishi ya SRS, yaani alama ya eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga ajali), yapo kwenye usukani na kwenye dashibodi. Haukupita muda mrefu akagongana uso kwa uso na Noah upande wa Chalinze, mvua inanyesha. Boneti ilikunjika mpaka kwenye kioo. Hakuna eabegi hata moja iliyotoka. Alikuwa amefunga mkanda, ndiyo maana leo tunaye, lakini kifua kiliupata usukani na mkono ukavunjika.

Tulipopeleka gari gereji, fundi wa umeme akafungua kava ya usukani mbele yetu. Ndani hamna kitu. Kava imebandikwa kwa gundi, pembeni ina mikwaruzo ya bisibisi, na kwenye ile soketi ya njano mtu kachomeka kirezista kidogo ili kompyuta iamini mfuko upo. Upande wa abiria dashibodi ilikuwa imezibwa na kupakwa rangi. Maana yake gari ilishapigwa mbele, mifuko ikatoka, muuzaji akaona kuweka mipya ni hasara. Akamuuzia baba wa watoto watatu kava tupu.

Ndugu yangu wa Goba, fungua swichi uitazame taa ya eabegi. Iwake, ikae sekunde kadhaa, izime yenyewe kabla hujawasha injini. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaitoa. Ikisubiri ikazima pamoja na taa ya oili injini inapowaka, waya umeunganishwa huko. Na hata ikizima vizuri usiridhike, kwa sababu rezista inaidanganya. Kava ifunguliwe.

Boksa Halisi
Pole sana kwa shemeji. Ndiyo maana mimi nasema agiza Japani, usome karatasi ya mnada. Ikiandikwa daraja R, ujue ilishagongwa ikatengenezwa, unaiacha.

Spana Kumi na Nne
Kwa milioni 18, ukitoa meli na ushuru, atabaki na gari ya aina gani? Na hata ya Japani ina lake: eabegi za kampuni ya Takata. Gesi yake ilitengenezwa kwa amonia naitreti, ambayo joto na unyevu vinaiharibu taratibu, mfuko ukifyatuka chuma kinapasuka na vipande vinamrukia dereva. Dar tunavyo vyote viwili, joto na unyevu. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, wote waliziita gari zao zirudi. Chukua namba ya chasisi, ingiza kwenye tovuti ya kiwanda Japani, utaona kama ilibadilishiwa.

Dereva Mstaafu
Vijana wangu, nimeendesha basi njia hiyo hadi Mbeya. Mmeongea mashine tu, dereva hamjamgusa. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda asilimia 4. Hakuna eabegi inayofuta hesabu hiyo. Kitonga hatari ni kushuka, mnaporudi Dar. Ingiza gia ndogo juu kabisa kabla mteremko haujaanza, iwe L, 2 au B kutegemea gari, injini iizuie. Anayeshuka kwa D huku amekanyaga breki muda wote, akifika chini pedi zinanuka na breki zimelegea. Na Mikumi fuata kibao cha mwendo, wanyama wanavuka.

Pwani Moja
Mzee shikamoo. Mikumi ukizidisha, trafiki wanakupiga tochi ya kupima mwendo. Bahati nzuri madereva tunawashiana taa.

Dereva Mstaafu
Marahaba. Hilo la kuwashiana taa linaniuma. Unayemwashia humjui. Anapunguza hapo kwa askari, mbele kidogo anarudi 130, na anayekuja mbele yake ni familia ya huyu bwana wa Goba.

Pwani Moja
Lakini mzee, tochi nyingine zinawekwa mteremkoni makusudi, kibao cha 50 kimejificha kwenye majani. Hapo ni kukamatana tu.

Mama Wawili Kihonda
Turudi kwa watoto jamani. Wa miaka 3 anahitaji kiti chake, wa 7 kiti cha kumnyanyua ili mkanda upite begani na usimkate shingo. Wote nyuma. Kiti kiwe na lebo ya kiwango cha usalama cha ECE R44 au R129. Na angalieni katikati ya kiti cha nyuma, baadhi ya gari za zamani zina mkanda wa kiunoni tu.

Tairi pia. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata (meno ya tairi) nzuri isikudanganye kama mpira umeshakauka.

Pwani Moja
Tairi za mtumba za Japani bado ni bora kuliko mpya za bei rahisi.

Spana Kumi na Nne
Hapana. Mtumba huijui ilikaa wapi. Nimezikuta zimepasuka ndani, nje safi kabisa.

Mkazi wa Goba
Asanteni sana. Nimepiga simu. Impreza naenda kuiona Jumamosi, mwenyewe anasema kitufe cha VDC kipo. Mwenye IST amekataa kava ya usukani kufunguliwa.

Chuma cha Tanga
Umeshapata jibu, mkuu. Achana nayo.

Spana Kumi na Nne
Taratibu, hata mimi ningekataa fundi wa mtaani kugusa usukani wangu. Eabegi inaweza kufyatuka usoni mwake. Unatoa nyaya za betri, Toyota wanataka usubiri zaidi ya sekunde 90 ndipo uguse. Mwambie mwenye gari kazi itafanyika hivyo, umsikie.

Mkazi wa Goba
Nitamrudia kesho. Kuna anayemjua fundi wa umeme wa gari upande wa Goba au Mbezi anayefuata utaratibu huo? Na hivyo viti vya watoto vyenye lebo, Kariakoo vinapatikana?