Naomba ushauri: kinga (baiskeli), mizizi ya porini na watu wa makala (makaa)

Yaya na ndugu mnaopanda kinga hapa Lubumbashi, naomba mawazo yenu. Nyuma ya nyumba za mwisho upande wa Kasapa kuna kijia cha porini, chembamba hadi usukani unapita kwa shida kati ya miti. Kiangazi nakipita vizuri. Mvua zikikolea kinageuka: mizizi iliyokatiza njia inateleza kama sabuni, na kila kichuguu kinakulazimisha kukata kona ghafla, palepale unapotaka kukanyaga kwa nguvu.

Kinga yangu ina springi mbele tu na freni za diski za waya. Rafiki ananiambia nipunguze upepo ili mipira ishike udongo. Naona ana haki, ila ikilegea mno, jiwe linabana mpira wa ndani kwenye janti na unatoboka. Nina kilo 80 hivi. Mnaweka baa ngapi za upepo mbele, na ngapi nyuma? Juu ya mizizi mnaachia kabisa freni ya mbele ama mnaigusa kidogo?

La pili linanisumbua zaidi. Asubuhi wenye kusukuma makala wanaingia mjini kwa kijia hichohicho, magunia yamepita kichwa. Kwenye mteremko hawawezi kusimama, kwa hiyo mimi ndiye wa kupisha. Kengele ninayo, lakini konani hatuonani kabisa. Niende alasiri tu, ama mnajua kijia kingine upande ule? Lami sitaki, malori ya migodi yananitisha kuliko mizizi.