MREJESHO: Lile jengo jeupe la mbao Hampstead lilikuwa baa

Wakuu, niliuliza kuhusu jengo la mbao karibu na Whitestone Pond, Hampstead, kaskazini mwa London, linaloitwa Jack Straw's Castle ilhali ndani wanaishi watu. Asanteni mlionielekeza pa kutafuta.

Ilikuwa baa, tena maarufu. Mwandishi wa riwaya Charles Dickens alipenda kwenda kula pale na rafiki yake John Forster. Jina ni la Jack Straw, mmoja wa viongozi wa uasi wa wakulima wa Uingereza wa mwaka 1381, uliowashwa na kodi ya kichwa. (Wazee wetu waliijua vizuri kodi hiyo.) Wasimulizi wa mtaa husema aliwahutubia watu hapo akiwa juu ya mkokoteni wa nyasi kavu.

Kilichonishangaza zaidi ni umri wa jengo. Nilidhani lina karne kadhaa, kumbe lile la zamani liliharibiwa na mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Hili tunaloliona lilikamilika miaka ya 1960, kazi ya msanifu Raymond Erith, aliyeamua kujenga kwa fremu ya mbao wakati wenzake wakishindana kumwaga zege. Nampongeza kwa moyo wote.

Baa ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndani zikatengenezwa fleti. Jengo liko kwenye orodha ya majengo ya urithi yanayolindwa kisheria, daraja la II, ndiyo maana sura ya nje imebaki. Nasikitika tu kwamba mpita njia hawezi tena kuingia.