Kundi la Ukoo: Nani Alimuua Maurizio Gucci?

Shangazi: Hamjambo nyote. Asubuhi hii mteja ameniletea mkoba wa Gucci nimbadilishie zipu, nami nikakumbuka kwamba kuna mtu wa jina hilo aliyepigwa risasi mlangoni pa ofisi yake. Mdogo wangu, wewe uliyekuwa ukisoma magazeti yote miaka ile, muuaji alipatikana?

Baba Mdogo: Shikamoo, dada. Alipatikana, ila ilichukua karibu miaka miwili. Maurizio Gucci, mjukuu wa Guccio aliyeanzisha kampuni hiyo ya mikoba na mavazi mjini Florence, Italia, mwaka 1921, aliuawa Milan tarehe 27 Machi 1995, yapata saa mbili na nusu asubuhi, alipokuwa akiingia katika jengo la ofisi yake mtaa wa Via Palestro. Bawabu aliyekuwa akifagia majani hapo mlangoni alipigwa risasi za mkono akapona, na ndiye aliyesimulia baadaye kwamba aliona mkono mzuri, safi, ulioshika bastola.

Shangazi: Marahaba. Mkono safi! Sisi mafundi hutazama mikono ya watu, hata mimi nisingeusahau.

Kaka Mkubwa: Shikamooni. Polisi walianza na biashara zake, wakazifuata mpaka nje ya Italia, kwa sababu mwaka 1993 alikuwa ameiuzia Investcorp, kampuni ya uwekezaji ya Bahrain, nusu yake ya kampuni, na watu walidhani panapopita fedha nyingi hivyo lazima kuna adui. Hawakupata kitu.

Kitindamimba: Kwa hiyo siku anakufa hakuwa na hata hisa moja katika kampuni yenye jina lake?

Baba Mdogo: Hata moja, mwanangu. Alibaki na fedha za mauzo, na aliyekuwa mkewe, Patrizia Reggiani, alikuwa na kinyongo cha miaka kumi. Walioana mwaka 1972. Mwaka 1985 Maurizio alifunga sanduku akasema anakwenda safari fupi ya kikazi, asirudi tena. Tangu hapo mama huyo hakuficha kwamba anatamani afe.

Shangazi: Basi huyo si ndiye wa kwanza kuhojiwa? Huku kwetu angeitwa kabla maiti haijazikwa.

Baba Mdogo: Dada, maneno ya hasira hayamfungi mtu, na bastola hakuishika yeye. Rafiki yake Pina Auriemma, aliyejulikana kwa kupiga ramli, alimwendea Ivano Savioni, bawabu wa hoteli, amtafutie wauaji. Savioni akamleta Orazio Cicala, mwenye mgahawa wa piza aliyezama katika madeni, ambaye aliendesha gari, naye Benedetto Ceraulo akafyatua risasi. Malipo ya Patrizia yalikuwa lira milioni 600, fedha ya Italia ya wakati huo. Hao hawakuwa watu wa maonyesho ya mavazi wala wa mabenki, ndiyo maana wapelelezi waliokuwa wakipekua mikataba hawakuwaona kabisa.

Kaka Mkubwa: Na kilichowaponza ni tamaa. Waliona wamepunjwa, wakataka nyongeza, na Savioni akajigamba mbele ya mgeni aliyekuwa akikaa hotelini. Mgeni akaenda polisi. Afisa mmoja akajifanya muuaji wa kukodiwa kutoka Kolombia anayeitwa Carlos, na maneno yao yote yakarekodiwa. Walikamatwa tarehe 31 Januari 1997.

Kitindamimba: Mimi iliyonitisha ni shajara ya Patrizia, ya kifahari ya Cartier. Ukurasa wa siku ya mauaji aliandika neno moja tu la Kigiriki, Paradeisos, yaani peponi.

Shangazi: Astaghfirullah. Mtu amezaa naye mabinti wawili!

Kaka Mkubwa: Linatisha, lakini kwa maoni yangu neno hilo peke yake lisingetosha mahakamani, kwani kufurahia kifo si kukiagiza. Mawakili wa Patrizia walitaja uvimbe wa ubongo aliopasuliwa mwaka 1992, na mwenyewe akadai kwamba Pina ndiye aliyepanga kisha akamtisha ili alipe. Majaji hawakukubali: Novemba 1998 alihukumiwa miaka 29, na rufaa ikaishusha hadi 26.

Shangazi: Yaani siri iliyowashinda wapelelezi wa mabenki ilitoboka mapokezi ya hoteli. Haya, mwenye mkoba amefika. Nitamdai fedha ya zipu tu. Hayo mengine sitamwambia, asije akauacha hapa dukani.