Kikofia cha umeme kwa mkono uliopooza: kuna anayekifahamu?

BintiSeremala
Habarini za jioni. Baba yangu ni seremala hapa Tanga, alipata kiharusi mwaka jana. Mguu umerudi, anakwenda msikitini na mkongojo. Shida ni mkono wa kulia: bega linainuka kidogo, vidole anakunja lakini kukunjua hawezi. Sasa kuna mtu kaja nyumbani na kikofia chenye nyaya. Anasema kinapitisha umeme kwenye ubongo na mkono utarudi bila mazoezi yoyote. Anataka laki tisa. Kaka zangu wako tayari kuuza mbao za mninga alizobakiza mzee, na mama anawaunga mkono, kachoka kumvisha shati kila asubuhi. Mwenye kujua anisaidie.

Tiba ya Viungo Moshi
Pole mdogo wangu, na mzee mpe pole. Wagonjwa wa kiharusi ndio kazi yangu ya kila siku. Mbao msiuze.

Kusisimua ubongo ni elimu ya kweli, ndiyo maana wauzaji wanapata pa kushikia. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, walionyesha kuwa sumaku juu ya kichwa inaweza kuchezesha vidole vya mtu bila kupasua fuvu. Lakini kuchezesha kidole na kurudisha kazi ya mkono ni mambo mawili. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya Marekani ya wagonjwa 199: wengine walipewa sumaku ya kweli, wengine ya bandia, na wote walifanya mazoezi. Kila kundi, takriban theluthi mbili walipata nafuu. Umeme hafifu wa kikofia nao ushahidi wake ni dhaifu. Anayekwambia "bila mazoezi" anakuibia, basi.

Kilichoonyesha matokeo ni kifaa cha shingoni. Daktari anapasua, anaunganisha waya kwenye mshipa wa fahamu uitwao vagasi, betri inakaa chini ya ngozi ya kifua. Mgonjwa akiwa anainua kikombe, mtaalamu anabonyeza kitufe cha kupitisha umeme kwenye mshipa huo wakati uleule. Mwaka 2021 utafiti wa watu 108 wa Uingereza na Marekani, waliopata kiharusi miezi 9 hadi miaka 10 nyuma, ulionyesha hivi: wote waliwekewa kifaa na wakafanya mazoezi, ila waliopewa umeme wa kweli karibu nusu walipata nafuu ya maana, dhidi ya robo ya waliopewa wa bandia. Marekani wakakiidhinisha mwaka huohuo. Ila angalia: kila kipindi kilikuwa na marudio zaidi ya 300. Kwa hiyo hata hapo jasho halikuepukika, na mwaka mmoja wa mzee si kuchelewa.

Mpe kazi anayoipenda. Fungeni msasa kwenye kipande cha mbao, mkono mzima ushike juu ya ule dhaifu, asugue mbele na nyuma, mara nyingi, kila siku. Mama aanze na mkono mgonjwa anapovisha shati, na amalizie nao anapovua. Msimvute kwa mkono huo kumnyanyua, bega litachomoka.

Mwana wa Likoni
Mamangu alifanyiwa ya kioo. Kioo kinasimama mezani katikati ya mikono, mkono mgonjwa unafichwa nyuma yake, yeye anatazama mkono mzima ukijikunja na kujikunjua. Ubongo unaona kama ndio ule mwingine. Kwanza alilia, akasema tunamchezea. Siku hizi anashika chapati mwenyewe. Kioo ni cha kawaida tu, cha dukani.

BintiSeremala
Shikamoo daktari, nashukuru sana. Nawe wa Likoni, ahsante, mama kafurahi kusikia hilo la chapati. Nilisahau jambo: mwezi wa Ramadhani mzee alianguka na degedege, povu mdomoni.

Tiba ya Viungo Moshi
Marahaba. Basi hicho kikofia kisiguse kichwa chake kabisa, mwambieni huyo mtu asirudi. Degedege baada ya kiharusi lina dawa zake, mpelekeni kliniki wiki hii, na presha ipimwe hapohapo. Muulize daktari pia kama anaendelea na dawa zote alizoandikiwa. Na nijibu hili: mkono ukilala juu ya meza, kifundo kinaweza kuinuka hata kidogo tu? Kama kinainuka, kuna mazoezi mengine ya kumfungia glavu mkono wa kushoto, nitakuelekeza.

BintiSeremala
Nimemjaribu sasa hivi. Kinainuka, upana wa kidole kimoja.