Naomba ushauri: Malenia wa Elden Ring anastahili kuogopwa hivyo?

Wakuu, Malenia anatajwa kuwa bosi (adui mkuu) mgumu kuliko wote katika gemu la Elden Ring tangu litoke 2022. Kila upanga wake ukikupata anajirudishia uhai, hata ukikinga kwa ngao, kwa hiyo kujificha nyuma ya ngao ni kumlisha. Halafu kuna shambulio lake la Waterfowl Dance: anaruka, anatulia hewani kitambo kidogo, kisha anakuvurumishia mapigo ya upanga mfululizo. Akiwa bado hewani, chungu cha barafu (cha kurusha, kinachogandisha) kikimpata kinamkatiza. Tena silaha za kutoa damu zinamla vibaya.

Je, sifa zake zimekuzwa? Au awamu ya pili ya pambano chungu hakiwahi? Mnaompiga bila kuita roho za kuwasaidia kupigana, mkupuo wa kwanza wa Waterfowl Dance mnaukwepaje mkiwa karibu naye kabisa? Naomba maelezo ya hatua kwa hatua.